Mbiu ya Mgambo Ndani ya Programu

Leo tuzungumzie jambo linalotugawanya sisi waunda programu: sehemu za programu ziitane moja kwa moja, au moja ipige mbiu na anayetaka asikie?

Chukua programu ya duka la viatu. Keshia akikamilisha mauzo, kuna kazi nne: mauzo yaandikwe, stoo ipunguzwe, mteja atumiwe SMS ya shukrani, na ripoti ya meneja ibadilike. Sehemu ya mauzo ikiziita nyingine zote kwa majina, kila kazi mpya itakulazimu kuifungua tena sehemu hiyo hiyo inayoshika pesa. Ndiyo maana wengi hupenda matukio: sehemu ya mauzo hutangaza tu "MauzoYamekamilika", na waliojiandikisha kusikiliza hufanya yao. Mtangazaji hawajui wasikilizaji wake. Wazo hili si geni. Limo katika kitabu Design Patterns cha 1994, cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, kwa jina la Observer.

Mimi naliunga mkono, lakini kwa mipaka. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, ni kweli, ila mpiga mbiu hangoji jibu. Basi jambo ambalo ni lazima lifanyike, usilipigie mbiu. Kuandika mauzo na kupunguza stoo, ziite moja kwa moja ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata: zifaulu zote au zifutwe zote, na keshia aone hitilafu kabla mteja hajaondoka. Ukiiacha stoo kwa msikilizaji, siku atakayokwama, utamwahidi mteja mwingine viatu vilivyokwisha kuuzwa. Nawe utausoma msimbo usione palipokatika, maana hakuna mstari unaosema nani anamwita nani.

Muamala ukishakamilika, si kabla, ndipo upige mbiu. SMS na ripoti zisikilize hapo. Ukitangaza mapema, mteja atashukuriwa kwa mauzo yaliyofutwa.

Kipimo changu ni hiki: asiposikia mtu yeyote, kuna hasara? Ikiwa ipo, ita. Ikiwa haipo, tangaza. Na ukiona tukio limepewa jina kama "PunguzaStoo", hiyo ni amri iliyovaa kanzu ya habari.

Je, wewe waonaje?