Mlango wa Kikao Ujulikane

Mtu aliyekusudia kuacha pombe, baada ya kuhangaika na azma hiyo kwa miezi au miaka, aghalabu hujaliwa saa chache tu za uthabiti, nazo ni zile za asubuhi ambapo mkono ungali ukitetemeka na dhamiri imeamka kabla ya kiu. Na kama katika saa hizo hakupata wa kumwelekeza walipo wenzake waliovuka mtihani ule ule, jioni itamkuta pale pale ilipomwacha jana. Ndiyo maana nasema kwamba vikao vya watu wanaojinasua na ulevi katika miji yetu vimefichwa kupita kiasi, na kwamba kuficha huko, ijapokuwa kumetokana na nia njema ya kusitiri, kunawadhuru wale wale waliokusudiwa kuhifadhiwa.

Asili yenyewe ya vikao hivi ni ushahidi. Mwezi wa Mei mwaka 1935 Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, alikuwa katika hoteli moja mjini Akron, jimbo la Ohio huko Marekani, biashara iliyompeleka imeharibika, naye hajatimiza hata mwaka tangu aiache pombe. Ndani ya hoteli ile ilikuwamo baa, na ukumbini ilikuwapo orodha ya makanisa ya mji. Akaiendea orodha, akampigia simu mchungaji mmoja, na kutoka jina hadi jina akafikishwa kwa bibi Henrietta Seiberling, ambaye ndiye aliyemkutanisha na Dkt. Robert Smith, tabibu wa upasuaji aliyekuwa akizama. Tarehe 10 Juni mwaka ule, inayohesabiwa kuwa siku Dkt. Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo ambayo jumuiya ya Alcoholics Anonymous huiadhimisha kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Wanaoisimulia habari hii husifu mazungumzo ya wawili wale, nao wana haki. Lakini mimi naona yapasa kusifiwa pia mtu asiyejulikana aliyeona inafaa kuweka orodha ile mahali pa wazi, kwa kuwa bila yeye wawili wale wasingalikutana.

Sitara ya jumuiya hii ni ya mtu, si ya mlango. Anayeingia hutaja jina lake la kwanza tu, hasajiliwi, hatozwi ada, wala haulizwi dini wala kazi. Sharti la uanachama ni moja, hamu ya kuacha kunywa. Viti hupangwa, chai humiminwa, mmoja husimulia jinsi alivyokuwa akificha chupa nyuma ya gunia la mchele, na mgeni aliyedhani kwamba hila ile ni yake peke yake duniani huinua uso kwa mara ya kwanza. Wala si faraja tupu: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalikuta kwamba programu za kuwaingiza watu katika vikao hivi, zikiendeshwa kwa mwongozo ulioandikwa, huwasaidia wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zilizozoeleka.

Sasa nenda katika ofisi ya serikali ya mtaa ukausome ubao wake. Utaona ratiba ya chanjo, tangazo la mikopo ya vikundi, ilani ya mnada, karatasi ya ada ya taka iliyofifia kwa jua. Ni nadra mno kuona mstari mmoja unaosema kwamba siku fulani, saa fulani, mahali fulani, wanakutana watu walioacha pombe. Kenya ina namba ya simu ya bure, 1192, ya mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nalo ni jambo la kushukuriwa. Walakini simu haitoshi, kwani aliyetahayari huogopa kusema kabla hajaogopa kusoma.

Tena kuna jambo la pwani ambalo halisemwi. Vikao vingi hufanyika katika kumbi za makanisa, na Mwislamu anayekunywa, ambaye fedheha yake ni maradufu, atawezaje kuingia humo mchana kweupe mbele ya majirani? Unguja, nyumba za kupata nafuu zilizofunguliwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini zimezifuata hatua kumi na mbili za jumuiya hii hii katika mji wa Waislamu, basi njia yenyewe haina kabila wala msikiti. Chumba cha zahanati baada ya saa za kazi, au darasa la shule siku ya Jumamosi, chamfaa kila mtu, na mwanamke hasa, ambaye akionekana kwenye kundi la walevi huhukumiwa kwa ukali usiompata mumewe.

Basi kikao kitangazwe ubaoni, na ilani yake iseme pia kwamba aliyezoea kunywa sana kila siku amwone tabibu kwanza, kwa maana kukata pombe ghafla kwaweza kuleta kifafa na hata mauti. Na chini yake iandikwe tarehe ilipohakikiwa, ili mtu asifunge safari akakuta mlango umefungwa kwa sababu kikao kilihamishwa zamani. Watendaji wa kata, maimamu na mapadri wanaweza kuianza kazi hii wiki hii, kwa kuuliza hospitali ya wilaya ni vikao gani inavyovijua, na kuyaandika majibu kwa herufi kubwa.