Stima Ikipotea, Hatari Haipotei

Usiku wa Agosti 25, 2023, giza liliigubika karibu nchi nzima. Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo, mambo yakawa yale yale. Si ajabu basi kwamba wenye uwezo wamekimbilia jenereta, nami nikiwa mmoja wao.

Fundi niliyemwita anifungie yangu alinishauri nifuate njia ya mkato: waya wenye plagi ncha zote mbili, moja ichomekwe kwenye jenereta na nyingine katika soketi ya ukutani, nyumba nzima iwake. Nilimkatalia, na yafaa walimu na wanafunzi waijue sababu.

Sisi wa taaluma ya lugha huyapima maneno. Mkenya husema stima 'imepotea', na kilichopotea hudhaniwa hakipo. Hapo lugha hutuhadaa. Nyaya zingali zimeunganishwa na nyumba, na njia iliyouleta umeme yaweza kuurudisha. Umeme wa jenereta, wa volti 240, hupitia kwenye mita hadi kwenye transfoma. Chombo hicho, ambacho kwa kawaida huteremsha nguvu za umeme kutoka volti 11,000, sasa chaweza kuzipandisha kufikia kiwango hicho hicho. Fundi aliye juu ya mlingoti, akidhani waya hauna kitu, hukumbana na mauti yaliyotoka sebuleni mwangu. Isitoshe, stima ya taifa ikirejea ghafla, jenereta na hata nyumba yaweza kuteketea.

Dawa yake ni swichi ya kubadilishia umeme, ambayo mafundi huiita chenji-ova. Hiyo huiunganisha nyumba ama na stima ya taifa ama na jenereta. Kamwe si vyote viwili kwa pamoja. Na ifungwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Asiyeimudu na achomeke friji au taa moja kwa moja kwenye jenereta. Jenereta yenyewe ikae nje, mbali na madirisha, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Mwalimu wa fizikia afunzapo transfoma, asiishie kwenye mchoro ubaoni. Na awaambie wanafunzi kwamba aliye mlingotini usiku wa giza ni mzazi wa mtu, na kwamba uhai wake umo mikononi mwa aliye nyumbani.