Kichwa Kinauma, Lakini Taya Ndilo Lililochoka

Kichwa kikikuuma unafanya nini? Wengi hununua vidonge vya malaria sokoni. Wengine huenda kuchanjwa chale. Wengine hutaka jino ling'olewe, hata kama ni zima. Mimi naona ya kuwa tunakosa, maana hatukutafuta kwanza maumivu yanatoka wapi.

Weka vidole mbele ya masikio, ufungue kinywa na kukifunga. Kile kinachotembea chini ya vidole ni kiungo cha taya. Sasa weka vidole juu ya panja, uume meno. Utasikia msuli ukikaza. Msuli ule ni wa taya, lakini umetandaa kama upepeo ubavuni mwa kichwa. Basi ukichoka, mtu husema, "Kichwa kinaniuma," wala hasemi uongo.

Taya huchokaje? Wengine husaga meno usiku bila kujua. Wengine huyakaza mchana kwa sababu ya mashaka. Wengine hufungua chupa kwa meno. Angalia dalili hizi: panja linauma zaidi ukitafuna au ukipiga miayo, taya lina uchungu asubuhi, kinywa hakifunguki vizuri. Lakini kiungo kikilia tu bila kuuma, usiogope.

Mwaka 1934 mganga wa Marekani, James Costen, alifundisha ya kuwa shida hii hutokana na meno yasiyokutana vizuri. Leo waganga wanajua ya kuwa sababu ni nyingi. Kwa hiyo usikubali upesi meno mazima yang'olewe au kukatwa.

Fanya hivi. Kwa majuma machache kula vyakula laini. Acha miwa na mahindi ya kuchoma. Weka kitambaa cha maji ya moto kiasi juu ya taya kwa dakika 15, asubuhi na jioni. Mchana, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa mambo haya madogo. Usizoee vidonge: mtu anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe yaweza kumletea maumivu ya kichwa.

Lakini sikia vema: si kila kichwa kinauma kwa ajili ya taya. Ukiwa na homa, upimwe damu kwanza. Shingo ikikaza, maumivu makali yakija ghafula, mkono ukilegea, au taya likifungika kabisa, zaidi sana baada ya kupata kidonda, njoo hospitali siku ile ile. Taya kufungika hivyo huenda ni pepopunda, nayo huua.

Mtu atasema, "Hospitali ni mbali, vidonge viko karibu." Ndiyo, lakini vidole vyako viko karibu zaidi. Gusa taya lako kwanza. Nawe ukifika kwa mganga, usimwambie habari za kichwa tu. Mwambie na za taya.