Kila Nyumba na Sufuria Yake

Wako wasemao kwamba karamu ya mtaa isiandaliwe kwa chakula cha kila nyumba. Ati heri tuchange fedha, tumwajiri mpishi. Nawapinga. Mchango wa fedha humfungia mlango asiye nazo, naye ndiye hasa aliyekusudiwa. Tazama Ufaransa: mwaka 1999, mjini Paris, Atanase Périfan alianzisha sikukuu ya majirani baada ya bikizee mmoja kukutwa amekufa nyumbani mwake, majirani wasijue kwa muda mrefu. Je, mpishi wa kuajiriwa angalimjua? Lakini ajaye na bakuli la githeri, hata likiwa dogo, huulizwa ameipikaje, na tangu siku ile hujulikana kwa jina. Wanaochukia masizi ya sufuria nyingi, na walete sabuni.