Tundu Moja la Chaji: Ilani ya Watu wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo

Sisi tulioweka majina yetu chini ya ilani hii ni watu wa nyanda za juu za Kigoma: mafundi simu wa Kasulu na Kibondo, wenye vibanda vya kuchajisha simu wa Manyovu na Munanila, mawakala wa fedha, waendesha bodaboda, wahudumu wa afya wa vijijini, wakulima wa maharage, kahawa na tangawizi. Tumeanzisha harakati yenye dai moja. Kila simu mpya itakayoingizwa na kuuzwa Tanzania, ya kupangusa au ya vitufe, iwe na tundu la kuchajia la kiwango cha USB-C, lile ambalo madukani huitwa taipu-C, na tundu hilo lipokee umeme kutoka chaja yoyote ya kiwango hicho bila kujali kiwanda ilikotoka.

Kibanda cha kuchajisha huku kwetu kina paneli juu ya paa, betri chini ya meza, na mezani rundo la nyaya. Kuna pini nyembamba ya Nokia na pini nene iliyoitangulia. Kuna maikro, ambayo ukiichomeka kinyume gizani hukunja ulimi ulio ndani ya simu. Kuna waya wa iPhone za zamani. Kuna taipu-C. Na kuna kobe, ile chaja inayobana betri, kwa ajili ya simu ambazo tundu lake limekwisha kufa. Mwenye kibanda hununua zote hizo, na kila moja hukatika kwa wakati wake. Siku waya wa maikro umekatika, mama aliyeshuka kilima na simu mbili, yake na ya jirani, hupandisha nazo zikiwa zimezima, ilhali betri ya sola imejaa.

Jambo hili linatuuma kwa sababu umeme wenyewe tumeusubiri mno. Mkoa wa Kigoma uliishi kwa majenereta ya dizeli hadi 2022, gridi ya Taifa ilipoanza kutufikia, na mpaka leo vipo vitongoji vya milimani ambavyo taa yao ni sola peke yake. Umeme uliopatikana kwa taabu namna hiyo haustahili kukwama mlangoni mwa simu kwa sababu ya umbo la ncha ya waya.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo, kuna barabara na dawa za kudai kwanza. Tunawajibu kwa heshima. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, fedha za mwanakijiji zimehamia kwenye simu. Simu ikizima, hana hata nauli ya kumpeleka mgonjwa Kasulu. Mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/23, humfikia mkulima kwa mfumo wa kidijitali, na ujumbe wake huja kwenye simu. Mhudumu wa afya huitwa kwa simu, bodaboda wa kumbeba mjamzito usiku huitwa kwa simu. Kambini Nyarugusu, ambako ndugu zetu wa Kongo wameishi tangu 1996, simu ndiyo inayounganisha familia zilizotawanyika hadi Marekani na Australia. Dawa na barabara vyenyewe siku hizi tunavidai kwa simu.

Hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Viwanda viliichagua. Kila kampuni ilipotunga tundu lake, ilipata faida mara mbili: kwa kuuza simu, kisha kwa kuuza waya na vifaa ambavyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuvitengeneza bila leseni. Apple ilipoleta tundu lake la Lightning mwaka 2012 lilikuwa jema kwa wakati wake, dogo na lenye kuingia pande zote mbili, wakati dunia nzima ikihangaika na maikro. Lakini USB-C ilipotangazwa mwaka 2014, nayo ikiingia pande zote mbili na ikiwa wazi kwa kampuni yoyote, Apple ilikaa na tundu lake kwenye iPhone kwa karibu miaka tisa zaidi.

Kilichobadili mambo ni sheria, na hapa tunaomba msomaji atulie nasi, kwa kuwa historia hii ndiyo msingi wa dai letu. China ilitoa kiwango chake mwaka 2006, ikitaka upande wa kichwa cha chaja uwe USB, na huo ndio mwanzo wa waya kuchomoka kwenye kichwa. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya, uliokuwa na aina zipatazo 30 za chaja sokoni, uliwaita wenye viwanda wakaahidi kwa hiari yao kufuata maikro. Aina zikapungua hadi tatu. Hapo hiari ikafika mwisho wake, maana makubaliano yaliruhusu kampuni kubaki na tundu lake mradi itoe kiunganishi cha pembeni. Ulaya ilingoja zaidi ya miaka kumi kabla ya kukubali kwamba ahadi haitoshi. Tarehe 4 Oktoba 2022 Bunge la Ulaya lilipiga kura: 602 ndiyo, 13 hapana, 8 hawakuegemea upande. Mwezi Septemba 2023, kabla hata sheria haijaanza kubana, iPhone 15 ikatoka na USB-C. Tarehe 28 Desemba 2024 sheria ikaanza kutumika kwa simu, na iPhone zilizobaki na Lightning zikaondolewa kwenye maduka ya nchi za Umoja huo. Saudi Arabia nayo ikaweka sharti kama hilo kuanzia Januari 2025.

Apple, iliyosema kwamba sheria itaua ubunifu, ilitii, simu zikauzwa, na ubunifu haukufa.

Sasa, sheria ya Ulaya inaishia mpakani mwa Ulaya. Simu isiyoruhusiwa kuuzwa Berlin inaruhusiwa kuuzwa Kariakoo, na Kariakoo ndiko mizigo ya Kasulu inakopakiwa. Simu za bei ya chini, zile za vitufe ambazo ndizo nyingi vijijini, kwa sehemu kubwa bado zinakuja na maikro. Nchi isiyo na sharti hugeuka kuwa mahali pa kumalizia mabaki ya viwanda. Hilo tunalikataa.

Na kuna tatizo la pili, ambalo mafundi wetu wanalijua kuliko watunga sera. Yapo matundu ya taipu-C ambayo ni taipu-C kwa sura tu. Chaja halisi ya USB-C haitoi umeme hadi ihisi, kupitia pini mbili ndogo za mawasiliano, kwamba kifaa kipo upande wa pili. Kifaa hujitambulisha kwa rezista ya kilo-omu 5.1 katika kila moja ya pini hizo, vipande viwili ambavyo bei yake ni ndogo kiasi cha kutohesabika. Watengenezaji wa tochi, redio na simu za bei nafuu huviacha. Matokeo yake mteja ana simu ya taipu-C, ana chaja ya taipu-C yenye waya wa C pande zote mbili, na havisemezani. Anapewa waya wenye USB ya zamani upande mmoja, simu inaingia chaji, naye anaondoka akiamini chaja yake mpya ni mbovu. Tumeona chaja nzima zikitupwa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana hatudai umbo la tundu peke yake. Tunadai kiwango kizima, pamoja na rezista zake.

Vivyo hivyo kwa chaji ya haraka. Kampuni kadhaa zimeacha kufunga umbo la tundu zikafunga lugha ya umeme: simu huchaji haraka kwa chaja ya kampuni yake, na kwa nyingine hujikokota. Sheria ya Ulaya imeliona hilo, ikataka kila simu inayopokea zaidi ya wati 15 ikubali mfumo wa wazi wa USB-PD. Nasi tunataka vivyo hivyo. Mwenye kibanda cha sola ana saa chache za jua kali, na simu inayokaa kwenye waya saa tatu badala ya moja imechukua nafasi ya simu mbili za majirani.

Wanaotuambia kwamba viwango ni mambo ya watu wa mbali waje Manyovu. Gari likivuka kwenda Mugina linahama upande wa barabara, kwa kuwa Burundi huendesha kulia na sisi kushoto. Kichwa cha chaja chenye meno matatu tulichorithi kwa Waingereza hakiingii kwenye soketi ya Burundi, yenye matundu mawili ya mviringo. Hayo yaliamuliwa zamani na wakoloni waliokuwa na sababu zao, na kuyabadili leo ni gharama isiyobebeka. Reli inatufundisha hayo hayo. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina milimita 1,067, na kwa tofauti hiyo ya milimita 67 mizigo ikifika Kidatu hushushwa behewa moja na kupakiwa jingine. Tundu la simu bado halijafika huko. Simu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo sharti likiwekwa leo, vibanda vyetu vitaliona ndani ya muda mfupi. Waya wa USB-C anaoshika mfanyabiashara wa Burundi ni ule ule anaoshika wa Buhigwe. Kinachobaki tofauti ni kichwa cha ukutani tu.

Vyombo vya kufanya kazi hii vipo, wala hatuombi kiundwe kingine. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hukagua bidhaa nje ya nchi kabla hazijapakiwa melini. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, huthibitisha vifaa vya mawasiliano chini ya sheria ya mwaka 2010. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango na vipimo ya mwaka 2006, na Burundi, Kongo na sisi wote tumo ndani ya Jumuiya. Tunataka TBS itangaze USB-C kuwa kiwango cha lazima, TCRA isithibitishe simu isiyokuwa nacho, na Tanzania ilipeleke shauri hilo Arusha ili liwe la Jumuiya nzima, maana soko la mpakani haliheshimu sharti la upande mmoja.

Lakini tunaweka mpaka usiovukwa. Mwezi Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Lengo lilikuwa halali. Mzigo wake, hata hivyo, ulimwangukia aliyenunua kwa jasho lake bila kujua kwamba angepaswa kubonyeza *#06# kabla ya kulipa. Mwingizaji alikuwa ameshapata fedha yake zamani. Harakati hii haitaunga mkono hatua yoyote ya aina hiyo. Sharti liwabane waingizaji, liwe na kipindi cha kumaliza bidhaa zilizomo madukani, na lisiguse simu iliyo mkononi mwa mtu. Bibi mwenye Nokia ya pini nyembamba ataitumia hadi atakapochoka nayo mwenyewe, na vibanda vyetu vitaendelea kumwekea waya.

Tunaulizwa kuhusu bei: je, simu ya vitufe haitapanda? Tundu la USB-C lina gharama kubwa kidogo kuliko la maikro, hatulifichi hilo. Lakini simu nyingine za vitufe zimekwisha kuja nalo na bei yake bado ni ya simu za vitufe. Upande wa pili wa hesabu kuna nyaya ambazo familia hununua upya kwa kila simu, na ada ya kuchajisha ambayo hulipwa mbali na nyumbani kwa sababu tu waya wa sola ya nyumbani hauingii.

Mafundi wametuomba tuongeze neno lao, na tumeliweka kwa uzito sawa. Matundu ya taipu-C yanayofanana kwa nje yana miguu tofauti kwa ndani, hivyo fundi anayetaka kubadilisha tundu lililokufa hulazimika kutafuta la modeli ile ile, wakati mwingine hadi Mwanza au Dar es Salaam. Tunataka waingizaji walete vipuri vya matundu pamoja na simu wanazouza.

Kwa upande wetu, hatutangoja sheria. Mwenye kibanda atakayejiunga ataweka waya halali wa USB-C kwenye kila nafasi ya kuchajia, na ataendelea kutunza waya mmoja wa kila aina ya zamani. Muuza duka ataandika kwenye boksi tundu la simu ni la aina gani kabla mteja hajauliza, na ataijaribu mbele yake kwa waya wa C pande zote mbili. Fundi akikuta simu isiyo na rezista ataandika jina la modeli kwenye daftari la wilaya. Nyaya zilizokufa tutazikusanya Kasulu badala ya kuzichoma kwa ajili ya shaba, kama inavyofanyika sasa pembeni mwa masoko, watoto wakivuta ule moshi.

Madaftari hayo yatakuwa ushahidi wetu. Yakishakusanywa kutoka Buhigwe, Kasulu na Kibondo, barua itakwenda TBS, nakala TCRA, kwa wabunge wa majimbo yetu na kwa madiwani. Itasainiwa na kila aliyechangia, na asiyejua kuandika ataweka dole gumba. Karatasi za saini zinapatikana kwenye vibanda vilivyojiunga. Mtu aje na simu yake, hata kama imezima.