Lahaja za Baleti: Kuyatazama Makundi Yakifanya Mazoezi

Kuna kauli iliyozoeleka miongoni mwa wapenzi wa sanaa za maonyesho, kwamba baleti huonwa jukwaani tu, taa zinapowashwa na wachezaji wanapotokea na maleba yao. Makala hii inaipinga kauli hiyo. Ninadai kwamba anayetaka kujua kundi moja la baleti linatofautianaje na jingine hana budi kulitazama likifanya mazoezi, wachezaji wakiwa wamevaa fulana zilizopauka na soksi zilizotoboka, mpiga piano akiwa pembeni na mkufunzi akikatiza kila baada ya hatua chache. Jukwaani, hadithi, maleba, okestra na mandhari humvuta mtazamaji asiuone mwili wenyewe unavyofanya kazi. Katika mazoezi hakuna cha kujifichia. Hapo ndipo lafudhi husikika.

Nimelitumia neno lafudhi kwa makusudi. Huenda msomaji wa jarida hili, aliyezoea kukutana na ngeli, tenzi na fani za riwaya katika kurasa hizi, akauliza baleti imemhusu nini. Imemhusu kwa sababu baleti ni mfano mzuri ajabu wa lugha moja yenye lahaja nyingi. Msamiati wake ni wa Kifaransa tangu mfalme Louis wa 14 alipoanzisha chuo cha densi jijini Paris mwaka 1661. Mchezaji wa Moscow, wa Havana na wa Tokyo wote huambiwa "plie" na wote hukunja magoti. Huambiwa "arabeski" na wote husimama kwa mguu mmoja, mwingine umenyooshwa nyuma. Neno ni lilelile, maana ni ileile. Matamshi ndiyo yanayotofautiana, sawa na vile Mswahili wa Lamu na wa Unguja wanavyoweza kuwa na neno moja na bado mmoja akafungua kinywa ukajua mara moja ametoka wapi.

Zamani mlango wa chumba cha mazoezi ulifungwa kwa watu wa nje. Mwaka 2012 Royal Ballet ya London ilirusha siku yake nzima ya kazi kupitia intaneti, na tarehe 1 Oktoba 2014 makundi matano, yaani la London, Bolshoi la Moscow, la Australia, la taifa la Canada na la San Francisco, yalipokezana kuonyesha mazoezi yao kwa takriban saa ishirini. Tangu hapo shughuli hiyo imerudiwa mara nyingi, na makundi mengine mengi yamejiunga. Kwa mwanafunzi wa Kenya ambaye nauli ya kwenda London ni ndoto ya mchana, hii ni neema. Gharama yake ni data tu, ingawa waama nayo hushindana na sahani ya wali na maharagwe.

Ukiyatazama mazoezi hayo mfululizo, jambo la kwanza litakalokugusa ni kufanana. Kila mahali siku huanza na darasa la zaidi ya saa moja. Wachezaji wote, awe nyota aliyecheza usiku uliotangulia au kijana aliyeajiriwa juzi, hushika upau ulio usawa wa kiuno na kuanza kukunja magoti polepole. Kisha miguu huteleza sakafuni mbele, kando na nyuma, kisha hupanda. Baadaye upau huondolewa na watu husimama katikati ya ukumbi kwa miondoko ya taratibu, mizunguko, miruko midogo, na mwishowe miruko mikubwa inayokata ukumbi kutoka pembe hadi pembe. Mtu asiye na subira huzima hapo, akidhani ameona yote. Subira ikimshika, ataanza kuona kwamba mikono ya London si mikono ya New York.

Tuanze na London. Kundi hili liliasisiwa na Ninette de Valois mwaka 1931, lakini aliyelipa lafudhi yake zaidi ni mtunzi Frederick Ashton, aliyefariki mwaka 1988. Waliofanya kazi naye husimulia jinsi alivyowahimiza bila kuchoka wapinde kiwiliwili. Katika mazoezi ya kazi yake kama vile La Fille mal gardée ya mwaka 1960, mkufunzi hutumia muda mwingi kwenye mabega na kiuno kuliko kwenye urefu wa mguu. Miguu hukimbia chini kwa hatua ndogo za haraka, ilhali juu mwili unageuka na kuinama kana kwamba unasikiliza kitu kingine. Makundi ya Canada na Australia yana undugu na hili: la Canada lilianzishwa mwaka 1951 na Celia Franca, na la Australia likaanza mwaka 1962 chini ya Peggy van Praagh, wote wawili wakiwa wametoka Uingereza. Ukoo wao hauhitaji cheti, utauona shingoni.

Urusi ina lahaja iliyoandikiwa sarufi. Agrippina Vaganova alichapisha kitabu chake cha misingi ya densi hiyo mwaka 1934, akiunganisha ulaini wa Kifaransa na nguvu za Kiitalia, na kusisitiza kwamba mgongo, kichwa na mikono vifanye kazi pamoja na miguu katika kila tendo. Mchezaji wa Urusi anaponyosha mkono, mkono huo huonekana umeanzia kiunoni. Lakini hata huko kuna vijilahaja: St. Petersburg hupenda usafi na utulivu wa umbo, Moscow hupenda ukubwa. Yuri Grigorovich aliyeliongoza Bolshoi kuanzia mwaka 1964 hadi 1995 alitunga Spartacus mwaka 1968, kazi iliyowataka wanaume waruke kana kwamba dari haipo. Katika mazoezi ya Bolshoi mruko ni hoja inayotolewa kwa sauti kubwa. Wapo wanaoiita kelele. Mimi naiona kama hotuba ya mzee barazani, ambayo ukiitoa msisitizo wake haibaki hotuba tena.

Kisa cha New York kinafurahisha kwa mwanaisimu, kwani ni kisa cha lugha iliyosafiri. George Balanchine alizaliwa na kufunzwa St. Petersburg, akafika Marekani mwaka 1933, akafungua shule mwaka 1934, na mwaka 1948 yeye na Lincoln Kirstein wakaanzisha New York City Ballet. Aliondoka na lahaja ya kwao, akaipeleka mji wenye haraka, nayo ikabadilika kinywani. Kasi iliongezeka mno. Kabla ya mzunguko, mguu wa nyuma hunyooka kabisa mahali pengine ambapo magoti yote mawili hukunjwa. Nyonga huachwa ifunguke katika arabeski ili mstari uwe mrefu zaidi, jambo ambalo mwalimu wa Vaganova angelisahihisha papo hapo. Vidole vya mkono hutenganishwa kila kimoja kionekane. Je, hayo ni makosa? Kwa sarufi ya St. Petersburg, ndiyo. Kwa sarufi ya New York, aliyekunja goti la nyuma ndiye mkosaji.

Hata hivyo, kundi ambalo ningemshauri msomaji alitazame kabla ya mengine yote ni la Copenhagen. Sababu yangu ni ya Kiswahili kabisa. August Bournonville, aliyeishi kati ya mwaka 1805 na 1879, alikwenda Paris akajifunza kwa Auguste Vestris, kisha akarudi Denmark na kile alichokipata. Paris ikaendelea na safari yake, ikabadilika, ikasahau. Copenhagen ikahifadhi. Ndiyo kusema kwamba anayetaka kuuona mtindo wa kale wa Kifaransa leo hana budi kuutafuta Denmark, kama vile mtafiti wa Kiswahili cha kale anavyolazimika kupanda mashua kwenda visiwa vya kaskazini ambako maneno yaliyokwisha kufa Nairobi bado yanatumwa dukani. Baada ya kifo chake, wanafunzi waliomfuata waliyapanga mazoezi yake katika madarasa sita, kila moja likapewa jina la siku, tangu Jumatatu hadi Jumamosi, na kwa muda mrefu wachezaji wa Copenhagen waliyafanya hivyo, wiki baada ya wiki.

Cha kutazama katika mazoezi ya Bournonville ni mikono. Mikono iko chini, mbele ya mapaja, imetulia. Wakati huohuo miguu inaruka na kugongana hewani kwa wepesi, na mruko unaanza bila mchezaji kuonekana akijiandaa. Hakuna kukusanya nguvu hadharani. Mchezaji aliyefunzwa kwingine akijaribu hatua hizo hutaka kuinua mikono imsaidie kupaa, na mkufunzi humrudisha: chini, chini. Aliyezoea mbwembwe za Moscow atadhani Wadenmark hawafanyi lolote. Ukweli ni kwamba wanafanya jambo gumu zaidi na kulificha.

Mwaka 2017 ulitokea mtihani wa haki wa kulinganisha. Kazi ya Balanchine iitwayo Jewels ilikuwa imetimiza miaka 50, nayo ina sehemu tatu, Zumaridi, Yakuti na Almasi, ambazo kwa kawaida huhusishwa na Ufaransa, Marekani na Urusi. Katika tamasha la Lincoln Center, New York, makundi matatu yaligawana usiku mmoja: Paris ilicheza Zumaridi, na kundi la New York pamoja na Bolshoi yakabadilishana Yakuti na Almasi siku tofauti. Hatua zilikuwa zilezile, muziki uleule, mtunzi yuleyule. Kilichobaki kuwa tofauti kilikuwa lafudhi. Aliyewahi kuyatazama makundi hayo mazoezini alijua la kutafuta: Warusi wakikaa juu ya noti na kuipanua, Wamarekani wakiitangulia kidogo.

Sasa nifike kwenye kinachonikera. Lahaja hizi zinapungua. Wachezaji husafiri na kuhama, walimu wanaalikwa kutoka kila upande, makundi yote hucheza kazi za watunzi walewale wachache, na vijana hukutana katika mashindano kama yale ya Lausanne yaliyoanza mwaka 1973. Kuchanganyika si jambo baya. Rudolf Nureyev, mwana wa shule ya Kirusi, aliliongoza kundi la Paris kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, na hakuna anayedai kwamba Paris iliharibika, ilikopa, ikatajirika. Ubaya ni pale ambapo kipimo kinabaki kimoja, na kipimo chenyewe ni mguu umepanda hadi wapi na mtu amezunguka mara ngapi. Kwa kipimo hicho Copenhagen hushindwa kabla ya kuanza, na Ashton huonekana mtunzi wa hatua ndogondogo. Katika vipande vifupi vya video vinavyosambazwa simuni, kinachoshangiliwa ni mguu uliogusa sikio. Bega lililogeuka kwa wakati wake halishangiliwi na mtu.

Sisi wa Kiswahili tunakijua kisa hiki kwa jina jingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kazi ya kuusimamia. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, yenye hazina ya ushairi isiyohitaji kutetewa, ikaachwa nje ya vitabu vya shule. Silii juu ya Kiswahili sanifu. Ndicho ninachokiandika hapa, na bila hicho jarida hili lisingesomeka Kisumu na Mbeya kwa pamoja. Ninachokikataa ni ile hatua ya pili, ambayo haikupitishwa na mkutano wowote, ya mwanafunzi kutoka Mombasa kusahihishwa kwa kalamu nyekundu kana kwamba lugha ya mama yake ni kosa la tahajia. Usanifishaji ulikusudiwa kurahisisha mawasiliano. Dharau tuliiongeza wenyewe.

Ndiyo maana naona kwamba mjadala huu umekwisha kufika kwetu. Baleti haipo Ulaya pekee. Nairobi ina shule zake, mitihani ya Royal Academy of Dance, chama kilichoanzishwa London mwaka 1920, hufanywa hapa, na madarasa yamefika hadi Kibera, ambako watoto hujifunza bila hata upau wa kushikilia, wakiwekeana mikono ukutani. Watoto hao wanafundishwa lahaja moja na kuambiwa kwamba ndiyo baleti. Hawaelezwi kwamba mkono wanaoambiwa ni sahihi ni mkono wa mji fulani, na kwamba kuna mji mwingine ambako mkono huohuo ungeshushwa. Atakayepata nafasi ya kwenda ng'ambo atafika huko na kudhani amefunzwa vibaya, kumbe amefunzwa Kimvita na kupelekwa Unguja.

Sipendekezi kwamba kila shule ifundishe mitindo yote. Hakuna mwili wala ratiba inayoweza kubeba hayo. Napendekeza jambo dogo tu. Mwalimu anapomshika mtoto kiwiko na kukisogeza, ataje pia kiwiko hicho kimetoka wapi. Na mara moja kwa muhula, badala ya darasa la kawaida, watoto waketi wayatazame mazoezi ya makundi mawili wakicheza hatua moja, London na Copenhagen kwa mfano, bila kuambiwa lipi ni bora, kisha waulizwe wameona nini. Rekodi zipo, na hazina kiingilio.