TUPIME KWANZA, TULAUMU BAADAYE

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mbele ya tarakilishi tunaisahau kabisa. Siku hizi vijana wengi wananunua vipande kimoja kimoja na kuunda tarakilishi wenyewe nyumbani. Hilo ni jambo la kupongezwa. Shida huanza mashine ikishawashwa. Leo inazima yenyewe, kesho inaganda, keshokutwa inaleta skrini ya buluu yenye maneno ya ajabu. Hapo kila mtu anageuka daktari. Huyu anasema ni virusi, yule anasema ni Windows, mwingine ati ni stima. Maoni yangu ni kwamba asiyepima hana haki ya kutoa hukumu, na zaidi ya hayo hana haki ya kulipwa.

Nasema hivi kwa sababu nimeyaona kwetu. Kaka yangu aliunda tarakilishi ya kuchapia watu kazi, na pesa hizo ndizo zilikuwa zitusaidie kwa karo. Wiki haikuisha kabla mashine haijaanza kuzima ovyo na kazi za wateja kupotea. Fundi mmoja akaitwa. Mara ya kwanza aliweka Windows upya, akalipwa. Mara ya pili akaiweka tena, akalipwa tena. Mara ya tatu akasema madabodi imekufa, tununue nyingine. Safari zote tatu hakupima hata kitu kimoja! Kaka aliazima flashi yenye programu ya kupima RAM, akaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu. Kipande kimoja cha RAM kilikuwa kibovu. Madabodi ilikuwa nzima, na mpaka leo inafanya kazi.

Programu hizo si siri ya wataalamu. Memtest86 iliandikwa kwanza na Chris Brady mwaka wa 1994, na Memtest86+ iliyotokana nayo hupatikana bure. Hata Windows yenyewe ina kipimo chake cha RAM tangu Vista ya mwaka wa 2007. Basi sababu ya kutopima ni nini, kama si uvivu?

Wapo watakaouliza, kitu kipya kitakuwaje kibovu? Jibu lipo. Mwaka wa 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wawili wa Google walichapisha utafiti juu ya RAM katika mashine za Google. Waliona kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata makosa katika mwaka mmoja. Tena mwaka wa 2024 kampuni ya Intel ilikiri kuwa baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volteji ya juu kupita kiasi, na hivyo kuharibika. Ilibidi iongeze dhamana kwa miaka miwili. Baadhi ya wenye mashine hizo walikuwa wakiona ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Ungedhani mgonjwa ni kadi, kumbe ni prosesa! Kwa hivyo upya si kinga, na ujumbe wa skrini si ushahidi kamili.

Dalili nazo zina lugha yake. Ikiwa mashine inakwama kwa programu moja tu kila siku, shuku programu hiyo au draiva. Ikiwa inaanguka wakati wowote, na kila mara kwa ujumbe tofauti, anza na RAM. Ikiwa inazima ghafla kama taa ukicheza mchezo mzito, angalia joto na pawa saplai. Na ikiwa inaanguka hata wakati wa kuweka Windows upya, kuiweka mara ya tatu kutasaidia nini?

Jambo kubwa ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Toa RAM zote, urudishe kipande kimoja, upime. Kisha weka kingine katika tundu lile lile. Kosa likifuata kipande, kipande ndicho kibovu. Kosa likibaki kwa tundu, basi shuku madabodi. Tena, RAM inayouzwa kwa mwendo wa 3200 au 3600 mara nyingi hufikia mwendo huo tu ukiwasha XMP ndani ya BIOS. Ukiizima XMP na makosa yakaisha, usitupe RAM. Huenda ilikuwa inakimbizwa tu. Joto nalo lisomwe kwa nambari. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha karibu nyuzi 100, na feni iliyofungwa bila kubanduliwa ile karatasi ya plastiki chini yake itakufikisha huko upesi. Kuhusu stima, ukutani kwetu Kenya ni volti 240, lakini waya wa volti 12 wa pawa saplai unafaa ubaki kati ya 11.4 na 12.6. Hayo yote yanapimika.

Najua mafundi watasema kupima kunakula muda na wao wana uzoefu. Uzoefu nauheshimu. Lakini siku hizi hata zahanati hukudunga kidole kwanza ndipo ikupe dawa ya malaria, na daktari amesoma miaka mingi. Usiku mmoja wa stima hauwezi kulinganishwa na bei ya madabodi. Isitoshe, RAM mpya huwa na dhamana. Ukijua kwa hakika kipande kilichoharibika unakirudisha dukani na risiti yako. Usipojua, utarudisha nini?

Wanafunzi wenzangu, haya ndiyo tunayofundishwa katika maabara ya Fizikia: badilisha kimoja, vingine vikae vilivyo, uandike matokeo. Tusiyaache mlangoni mwa maabara. Nanyi wazazi wetu, fundi akija na hukumu yake, kabla hamjafungua kibeti mwulizeni swali moja tu: "Umepima nini?" Akiwa na jibu, mlipeni kwa moyo mweupe. Akikosa, mpeni chai, mumsindikize hadi langoni.